Saa Moja ya Mkononi, Mioyo Miwili

Mume alikuwa mwokaji wa mikate. Mke alikuwa fundi cherehani. Mtaani mume aliitwa Mzee Mkate. Mke aliitwa Mama Pindo, kwa sababu hakuna suruali ndefu iliyowahi kumshinda.

Waliishi nyumba moja, lakini kukutana ilikuwa shida. Mzee Mkate aliamka alfajiri mbichi, majirani wakiwa bado wanakoroma. Alirudi mchana na unga kwenye nyusi. Alikula, akalala. Mchana huo Mama Pindo alikuwa katikati ya kazi, pini mdomoni. Na mtu mwenye pini mdomoni haongeleki. Ukimwambia nyumba inaungua atakujibu, "Mmh."

Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa alasiri. Mume akiamka, mke akifunika cherehani, walivaa raba wakaenda kukimbia.

Kukimbia kulianza kwa sababu ya presha ya Mzee Mkate. Kliniki walimpa dawa, wakamwambia pia aushughulishe mwili. Mkewe alimtazama juu mpaka chini.

"Ukienda peke yako utaishia kwenye benchi la kinyozi," alisema. "Nakuja na wewe."

Walipita nyuma ya karakana ya mbao, wakafuata reli, wakafika chini ya kilima. Juu ya kilima kulikuwa na tangi la maji. Walikuwa hawajawahi kulifikia bila kusimama njiani.

"Siku moja tutafika," mume alisema kila mara.

"Tutafika bila kusimama," mke alijibu. "Na bila kubebwa."

Walikimbia pole pole, bega kwa bega, wakiongea. Hasa aliongea Mama Pindo. Siku moja alianza habari ya koti.

"Bibi mmoja kaniletea koti la marehemu mumewe. Koti kubwa, mimi na wewe tunaingia na mgeni anapata nafasi. Anataka nilipunguze, alivae yeye. Lakini kaniambia, 'Fundi, punguza mabega, punguza mikono. Mfuko wa ndani usiuguse.'"

"Kuna nini mfukoni?"

"Angalia shimo hilo."

"Nimeliona. Kuna nini mfukoni?"

"Nitakwambia kesho," mke alisema, akicheka. "Na mimi niwe na kitu cha kusubiriwa."

Kesho hiyo haikufika. Walipofika nyumbani walikuta kifurushi mlangoni.

Kilitoka kwa binti yao, aliyefanya kazi mji mwingine. Ndani kulikuwa na saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo. Binti alipiga simu akawaelekeza.

"Hii ina kocha ndani," alisema. "Inasoma moyo, halafu inakwambia ukimbie vipi. Nimeshaandika umri wa Baba. Na mimi nitawaona kwenye simu yangu."

"Ya nani sasa?" mama aliuliza. "Yangu au ya baba yako?"

"Yenu wote, Mama. Mtagawana."

Basi wakagawana. Leo ya mume, kesho ya mke. Lakini mkono wa mume ulikuwa mnene kwa kukanda unga miaka mingi. Mkono wa mke ulikuwa mwembamba. Mkanda wa saa ukamkaba mmoja, ukampwaya mwingine.

Hapo ufundi ukaingia. Mama Pindo alichukua lastiki, ule mpira wa kiunoni mwa suruali. Aliukata, akaushona kwenye mkanda kwa uzi wa rangi ileile. Sasa saa ilivutika kama soksi. Mikono yote miwili ilipita.

"Fundi!" mume alimsifu. "Waliotengeneza saa hii wangekuajiri."

Siku za kwanza walikimbia pamoja kama kawaida. Lakini yule aliyevaa saa alikuwa na bosi. Siku ya mume, saa ilitetemeka. *Ongeza kasi.* Mzee Mkate akaongeza, akamwacha mkewe nyuma na maneno yake mdomoni. Siku ya mke, saa ilitetemeka. *Punguza.* Akapunguza mpaka akawa anapitwa na kuku.

"Nenda peke yako na kocha wako," mke alisema mwishowe. "Mimi nitaenda siku yangu."

Alisema kwa utani. Lakini ulikuwa utani wenye pini ndani yake.

Tangu hapo walikimbia kwa zamu. Mmoja akitoka, mwingine alibaki. Nyumba ikawa kimya. Habari ya koti ikabaki njiani, na mume hakuuliza tena. Alikuwa anauliza namba.

"Jana wewe ulipata ngapi?" alimwuliza mkewe mezani.

"Nilipata njaa," mke alijibu. "Kula. Umeoa mke mwenza wa mkononi, lakini chakula napika mimi."

Binti naye alipiga simu kwa furaha. "Baba, inaonyesha uwezo wako umepanda! Saa inasema uko tayari kwa mazoezi magumu zaidi."

Mzee Mkate akavimba kama mkate ndani ya tanuri. Hakumwambia mtu kwamba siku hizi akimaliza kukimbia magoti yanamtetemeka. Hakusema kwamba kule kazini alishawahi kuegemea gunia la unga ili dunia itulie. Kocha anasema yuko tayari. Yeye ni nani abishe?

Alasiri moja ilikuwa zamu yake. Alipofika kwenye karakana ya mbao saa ilitetemeka. *Ongeza kasi.* Akaongeza. Ikatetemeka tena. *Ongeza kasi.* Akakimbia kama aliyeiba. Ikatetemeka tena.

Halafu njia ikayumba. Aliona mbao zinaelea. Alishika uzio kwa mikono miwili, akateremka taratibu mpaka akakaa chini.

Jirani yao alikuwa anarudi kutoka kazini. Alikuwa muuguzi wa kliniki ileile ya presha, na mtaa mzima ulimwita Sista. Alimwona mtu amekaa kwenye vumbi la mbao, jasho linamtiririka, midomo imebadilika rangi.

"Mzee Mkate! Kifua kinauma?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Kizunguzungu?"

"Saa inasema..." alianza.

"Saa iache. Mimi nakuuliza wewe."

"Kizunguzungu," alikubali.

Sista alisimamisha gari la wenye karakana, wakampeleka kliniki. Mama Pindo alifika mbio, kipimio cha nguo bado kinaning'inia shingoni. Alimkuta mumewe amelazwa kwenye kitanda chembamba, nyaya zimebandikwa kifuani. Alikaa pembeni akamshika mkono.  

"Usinifanyie hivi," alisema pole pole. "Mimi sijui kushona peke yangu."

"Unashona peke yako kila siku."

"Nashona nikijua utaamka saa tisa."

Daktari alimpima, akaona moyo haujaumia. Alimwambia apumzike, arudi kupimwa tena kabla ya kuanza kukimbia.

Siku ya pili yake Sista alikuja nyumbani. Alikunywa chai, kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni huyo kocha nimwone."

Aliipokea saa. Aliuvuta mkanda, ukavutika. Akauachia, ukarudi. Akauvuta tena.

"Hii lastiki ilikuja na saa?"

"Nimeshona mimi," Mama Pindo alisema kwa fahari kidogo. "Ili ituenee wote wawili."

"Mnavaa wote?"

"Kwa zamu."

Sista alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Jamani! Sasa huyu kocha mnamwonea. Anadhani ninyi ni mtu mmoja. Leo anasoma moyo wa mama, mwepesi, umezoea mbio. Anaandika, huyu mtu ana nguvu, aongezewe. Kesho anafungwa kwa baba, naye baba anapewa zoezi la mama."

Mzee Mkate alimgeukia mkewe. "Kwa hiyo ule uwezo uliopanda..."

"Ulikuwa wangu," mkewe alisema. "Nirudishie."

Walicheka wote watatu. Kisha Sista akaacha kucheka.

"Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mzee, dawa yako ya presha ninaijua. Dawa hizi ni za aina nyingi. Hii yako inautuliza moyo, usipige haraka. Ndiyo kazi yake. Wewe unaweza kuwa umechoka kabisa, lakini mapigo hayapandi kama ya mtu mwingine. Saa haijui kwamba umemeza dawa. Inaona mapigo machache, inadhani mvivu huyu."

"Basi niiache dawa siku za kukimbia?"

"Thubutu!" Sista alimnyooshea kidole. "Dawa usiiache hata siku moja bila daktari kukwambia. Kitakachobadilika ni hiyo saa kukuamrisha."

Mama Pindo aliigeuza saa mkononi. "Kwa hiyo ni takataka?"

"Hapana, mama. Saa inasaidia, ukijua mipaka yake. Wako wakimbiaji ambao kila siku wanakimbia kwa nguvu zote, hata siku ya kupumzika. Kocha kama huyu akiwaambia punguza, wanapata nafuu na wanaendelea vizuri. Wengine hawaoni tofauti yoyote. Wanaofuata mwili wao wanafika pale pale."

"Na ili isidanganye?"

"Ivaliwe na mtu mmoja. Umri uwe wake. Ikae juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikumbatie ngozi, isicheze, ila isikabe. Hii ya lastiki inaruka ruka. Taa yake ya chini inasoma mtikisiko badala ya damu. Halafu namba ya siku moja isikutie presha. Tazama unavyokwenda wiki baada ya wiki. Hata kiwango cha juu cha mapigo ambacho saa inakuwekea kinatokana na umri tu. Ni makadirio. Watu wa umri mmoja hawana moyo mmoja."

"Kama suruali za saizi moja," Mama Pindo alisema. "Kila mtu anakuja nimrekebishie."

"Umeelewa kuliko mimi."

Mzee Mkate alikuwa ameinama. "Sasa mimi nitajuaje nimezidisha?"

"Kwa mdomo wako," Sista alisema. "Ukikimbia mbio nyepesi, unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima. Ukiweza kuimba, una nafasi ya kuongeza kidogo. Ukibaki na neno moja moja, umezidisha, punguza. Na ukipata kizunguzungu, au kifua kikiuma, simama hapo hapo utafute msaada. Usimsikilize kocha wala mtume wake."

Mume na mke walitazamana.

"Kuongea?" mume aliuliza. "Basi tu?"

"Basi tu. Mlikuwa mnaongea zamani, si ndiyo? Mimi nilikuwa nawasikia kutoka dirishani kwangu. Mama alikuwa anakupima bila nyinyi kujua."

Sista alipoondoka, Mama Pindo alichukua wembe wa kufumulia nyuzi. Alifumua lastiki ile mshono kwa mshono. Mkanda ukarudi wa zamani.

"Vaa wewe," mumewe alisema. "Moyo wako ndio anaouelewa kocha."

Mama Pindo akautoboa mkanda tundu moja la ziada usimpwaye, kisha wakampigia binti simu, akabadilisha umri. Alilia kidogo alipoambiwa yaliyotokea.

"Mimi nilitaka kumtunza Baba," alisema.

"Umemtunza," mama yake alimjibu. "Lakini saa ilihitaji maelezo, na wazazi wako ni wabishi."

Mzee Mkate alirudi kliniki, akapimwa, akaruhusiwa kuanza upya. Alianza kwa kutembea. Mkewe alitembea naye. Baadaye walichanganya, kutembea kidogo, kukimbia kidogo. Siku ambazo saa ilimwambia Mama Pindo apumzike, alipumzika. Aliona kweli miguu yake haichoki kama zamani, maana yeye naye alikuwa na pupa yake. Siku za kukimbia na mumewe, aliifunika saa kwa mkono wa sweta.

Presha ya Mzee Mkate ikatulia. Magoti yakaacha kutetemeka. Gunia la unga likapumzika kuegemewa.

Alasiri moja yenye upepo mzuri walifika chini ya kilima, na hakuna aliyesimama. Walianza kupanda, hatua fupi fupi.

"Ongea," mke alisema.

"Naongea. Wewe mwanamke una deni langu. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na nini?"

"Sentensi nzima. Vizuri."

"Usinipime. Nijibu."

Mama Pindo alivuta pumzi.

"Sikuugusa. Nililimaliza koti, nikampa. Akaingiza vidole mwenyewe mfukoni, akavitoa, akanionyesha. Kulikuwa na makombo ya mkate."

"Makombo?"

"Mumewe kila akitoka kazini alipita pale unapooka, akanunua mkate, akakata kile kipande cha mwisho, chenye ganda. Alikiweka mfuko wa ndani kisipoe. Kilikuwa cha mkewe. Bibi alisema mfuko ule bado unanukia. Akasema, 'Mwambie mzee wako, mume wangu alisema hakuna anayeoka ganda kama yeye.'"

Waliendelea kupanda. Raba zao zilisikika kwenye kokoto. Mzee Mkate hakusema neno. Walipita jiwe ambalo siku zote walisimama kando yake. Walipita mti mkavu. Bado kimya.

Mama Pindo akaanza kuogopa. Alimshika mkono.

"Umenyamaza. Umeishiwa pumzi? Tusimame?"

Chini ya sweta saa ilitetemeka. Hakuna aliyeitazama. Mzee Mkate alifuta macho kwa kiganja, akaubana mkono wa mkewe, na mbele yao tangi la maji likaanza kuonekana.

"Hapana, mke wangu," alisema. "Pumzi ninayo. Maneno ndiyo yameniishia."