Bomba Lililosainiwa Bila Kuoshwa

Ndugu zangu, uongo mdogo haukai pale ulipouweka. Sikilizeni yaliyompata jirani yangu, Curtis Haldorsen.

Asubuhi ile nyumba yake ilikuwa shwari. Curtis alikuwa akigeuza chapati za maji, mkewe Lorna akifunga kamba za viatu vya kazi. Sote watatu, wao wawili na mimi, mkate wetu unatoka kwenye matangi yaliyofukiwa jangwani, kando ya mto Columbia, huko Marekani. Ndani yake mna tope lenye mionzi, zito kama uji wa ulezi. Tunalikoroga lisigande, kisha tunalisukuma kwa bomba hadi tangi jingine. Ukimaliza, unaliosha bomba kwa maji ya moto saa mbili nzima, maana tope likituama humo linakuwa jiwe.

"Leo tunafungua kiungo cha bomba la tangi la nne," Lorna alisema. "Kazi nyepesi, limeshaoshwa."

"Nani kasema limeoshwa?"

"Si wewe uliyesaini, baba Tessa? Umeanza kuzeeka lini?"

Alisaini, kweli. Juzi yake alikuwa na haraka ya kuwahi mechi ya besiboli, akaosha dakika kumi tu. Sasa akiyasema, kazi itaota mbawa. Akambusu mkewe, akamwacha aende. Hasira zinanipanda hata ninapoandika.

Alivumilia nyumbani kama saa moja hivi, kisha simu yangu ikalia, nikiwa na Lorna kwenye matangi.

"Gus, msifungue! Sikuliosha sawasawa!"

"Mwendawazimu wewe! Mkeo kashika spana!"

Nilipiga kelele. Lorna alikuwa ameshalegeza nati tatu, na tope limeanza kuchuruzika. Kipimo chake cha mionzi kililia kwa fujo. Tulimvuta nyuma, tukamvua mavazi, tukamwosha.

Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini mionzi aliyopata ilipita kiwango, na madaktari wanampima damu mpaka leo. Curtis alifukuzwa kazi wiki ileile.

Jioni ya siku ile ya ajali nilikuwepo kwao. Lorna hakugomba. Aliuliza tu:

"Kama pale angekuwa mke wa Gus, ungepiga simu?"

Curtis aliinamisha kichwa. Mimi mpaka leo nalisubiri jibu, kwa kuwa mke wangu naye hufungua viungo vya mabomba kulekule.

FUNZO

Usisaini kazi ambayo mkono wako haukuifanya. Na ukishakosea, sema upesi, hata kama anayekwenda kuumia humjui jina.