Jicho la Sungura wa El Jem

Jumatatu ni siku ya soko El Jem, na kwenye lundo la mitumba, karibu na ukuta wa kasri la Warumi, hupiti bila kukanyagwa. Hapo ndipo mwanangu Olfa alipovuta mkono mmoja wa koti la kahawia, na mkono wa pili ukavutwa na mtu mwingine.

"Dada, hili la kiume," akasema yule kijana.

"Baridi ya kazini kwangu haichagui."

"Kazi gani hiyo, unauza barafu?"

"Natengeneza sakafu."

Kijana akacheka mpaka akaliachia koti. "Basi tumekutana! Mimi fundi wa vigae, naitwa Naufel. Sakafu zako ziko wapi nije nizikosoe?"

"Makumbusho. Zina miaka elfu moja na mia nane. Zako?"

"Za mwezi jana. Moja imeshapasuka."

Olfa siku hiyo alivaa gauni la bluu na ushungi wa maua, vidole vyeupe kwa chokaa. Koti aliondoka nalo Naufel, kwa sharti la kumletea kila siku ya baridi. Akalileta hata siku za jua kali. Haya yote Olfa aliniambia baadaye, wakati hapakuwa na cha kuficha tena.

Alimwonyesha kazi yake. Enzi za Warumi mji huu ulitajirika kwa mafuta ya zeituni, na matajiri wake walikanyaga picha ndani ya nyumba zao: simbamarara, tausi, miungu, vyote kwa vijiwe vidogo kama punje za mahindi.

"Na mkiikuta picha ambayo hamna nafasi ya kuitoa?" Naufel akauliza.

"Tunaizika tena. Mchanga uliochekechwa, kitambaa juu yake, halafu mchanga tena. Inalala kama mtoto."

"Na mimi ukinichoka utanizika hivyo?"

"Wewe nitakumwagia zege, ini langu, usitoke."

Kila adhuhuri simu ililia. "Umekula?" "Nimekula." "Nini?" "Mkate na harisa ya pilipili." "Hicho si chakula, Olfa, hiyo ni adhabu." Nami nikiwa jikoni nikisikia kicheko, najua ni yeye.

Akaja na mama yake kuposa. Kijana mpole, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama. Nikamtilia kahawa, nikamwambia nilichoambiwa mimi na mama yangu alichoambiwa: "Binti yangu haingii nyumba ya kupanga. Vyumba viwili na jiko, mlango na ufunguo, kisha harusi." Nilidhani namlinda.

Babu yake alimwachia kiwanja pembezoni mwa mji, penye mizeituni. Msingi akauchimba mwenyewe. Siku ya tatu akaja kwangu, matope mpaka magotini, Olfa yuko kazini.

"Khalati," akaniita, yaani mama mdogo, "nimemkuta sungura."

"Mchinje."

"Wa vijiwe, khalati. Huyu hakusema mbichi hizi. Zabibu kazifikia, anakula."

Nikakaa chini. El Jem ukichimba shimo la choo unamkuta Mrumi, na ukitoa taarifa serikalini kiwanja kinazungushiwa kamba mpaka wanao waote mvi. Cha kaka yangu kina mwaka wa kumi na moja.

"Olfa anajua?"

"Bado. Nataka nimwambie leo."

"Usithubutu! Akijua akanyamaza, kazi yake imekwenda. Akijua akasema, nyumba yenu imekwenda. Mwaga zege, mwanangu. Niapie hutamwambia, wala hutanitaja."

Akafuta matope mikononi. Akaapa.

Kuta zikapanda. Jioni moja ya mvua walikuwa wanatoka stesheni, Naufel akamvika Olfa lile koti. Olfa akatia mkono mfukoni, akatoa vijiwe vitatu: viwili vyeusi, kimoja cha kioo cha kijani.

"Naufel, hivi umevitoa wapi?"

Naufel akaongeza mwendo.

"Nakuuliza! Kioo hiki hakiokotwi barabarani. Umeng'oa wapi? Umemuuzia nani?"

"Sijauza kitu."

"Basi sema."

"Siwezi. Niamini tu, roho yangu."

"Mimi siwi roho ya mwizi!"

Akaja nyumbani ameloa, akaniwekea kichwa mapajani. "Mama, ni mmoja wa wale wanaobandua mawe wakawauzie wageni." Jibu lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini kuta zilikuwa zimefika madirishani. Nikasema, "Itapita, mwanangu."

Haikupita. Kesho yake akaandika taarifa kwa mkono wake mwenyewe. Alhamisi Naufel akaletewa hati ya kuitwa polisi. Ijumaa mama yake akaja mlangoni kwangu bila viatu: mtoto yuko ufukweni Chebba, anangoja boti ya magendo ya kwenda Italia.

Hapo ndipo nikasema. Olfa hakunipigia kelele. Alichukua simu. Naufel akapokea, upepo unavuma kama shuka linapigwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimwapia mtu."

"Mtu huyo yuko mbele yangu analia. Rudi. Tutalala jikoni kwake."

"Wananiita, Olfa. Boti imejaa. Vile vijiwe ni jicho la sungura, jembe langu lilivitoa. Nilikuwa nakuwekea uvirudishe mwenyewe."

"Naufel, rudi!"

"Umekula?"

"Sijala."

"Kula. Nikifika nitapiga."

Huu ni mwezi wa kumi na nne. Hakuna aliyepiga, wala hakuna mwili ulioletwa.

Majira ya kuchipua serikali ilivunja sakafu ya ile nyumba, Olfa akiwepo. Chini ya zege wakakuta mchanga. Chini ya mchanga, turubai la kuvunia zeituni, limekunjwa mara mbili. Chini ya turubai, mchanga mwingine, laini kama unga, umechekechwa wote kwa mkono. Sungura alikuwa amelala kama mtoto. Hakuna kilichopungua ila jicho.

Sasa yuko makumbusho ukutani, na kitundu usoni. Mkubwa wa Olfa alimwambia akizibe, vijiwe si anavyo? Akajibu, "Jicho lina mwenyewe." Anatembea navyo mfukoni mwa lile koti, hata siku za jua kali. Ile nyumba imebaki kuta bila paa, kondoo wa watu hulala humo.

Mama wenzangu, kijana akija kuposa mtazameni machoni, msimuulize funguo. Na mtoto akikulilia mapajani nawe unalijua jibu, liseme siku ile ile, hata kama litakuvunjia nyumba.

Adhuhuri humpelekea Olfa chakula. Hupokea, hanitazami. Jana nilijisahau, nikamuuliza, "Umekula?"

Akainuka, akaniachia bakuli mkononi.