Ebitinge Bila Mguu

Tryphosa Nyamusi alimkanyaga Jasper kabla hajamwona. Alikuwa akirudi kinyumenyume sokoni Daraja Mbili, simu mkononi, akimrekodi mama msusi wa vikapu, kiatu chake chekundu kikatua juu ya kidole cha kijana aliyebeba vinyago vya mawe kutoka kwao Tabaka.

"Madam, hiyo kidole nilikuwa bado natumia," kijana alisema.

Vumbi la mawe lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Tryphosa alicheka, akamweleza kazi yake: kutangaza mitandaoni mradi wa kuhifadhi urithi wa Wagusii kidijitali. Jasper akasema nyanya yake bado huvaa ebitinge, zile bangili za chuma alizovishwa mguuni siku ya harusi yake ya kimila. Wakapeana namba. Miezi mitano baadaye walikuwa wakiitana mpenzi hata mbele ya watu, na Jumapili Jasper alikuwa ampeleke kwao rasmi kama mchumba.

Mambo yaliharibika Ijumaa. Tryphosa alikuwa amempiga nyanya picha ya mguu, kwa ruhusa yake. Ofisini akaona mguu wenyewe umevimba na una nyufa, akaufuta kwa app, zikabaki bangili peke yake juu ya kitambaa cheupe. Akaiposti asubuhi. Kufikia saa sita ilikuwa imetazamwa na watu elfu arobaini, na Duncan, mkuu wa mradi, alikuwa akipiga mluzi. Simu ya Tryphosa ikalia, akaona ni Jasper.

"Mpenzi, umeona vile..."

"Tryphosa." Hakumwita mpenzi. "Ulimtoa nyanya ebitinge?"

"Hapana, nili..."

"Ziko kwa kitambaa. Unajua hizo vitu hutolewa lini?"

Tryphosa alikulia Nyamira mjini, binti wa mwalimu. Alijua jina la kila kitu kwenye orodha ya mradi, lakini hilo hakuwahi kuliuliza.

"Hutolewa bwana akikufa. Babu anapigiwa simu za pole tangu asubuhi. Watu wetu wa Marekani wamefungua grupu ya mazishi, wakamuadd yeye mwenyewe. Saa hii ameketi anasoma vile analiliwa."

"Jasper, ni app tu. Nilifuta mguu."

"Ulifuta mguu ya nyanya yangu?" "Jumapili usikuje."

Alimpigia mara tisa bila kujibiwa.

"Usifute hiyo posti," Duncan alisema. "Wafadhili wanaiangalia."

"Kuna mtu yuko hai na anaombolezwa."

"Ukifuta, Jumatatu usikuje."

Aliifuta papo hapo, akatoka na gauni lake la njano la ofisini, akapanda pikipiki hadi Tabaka.

Uani viti vilikuwa vimeshapangwa, akina mama wamejifunga leso. Jasper alimzuia langoni, macho mekundu.

"Si nilikuambia usikuje?"

"Ulisema Jumapili. Leo ni Ijumaa."

Hakucheka, lakini alimpisha.

Tryphosa alipiga magoti mbele ya mzee Ogoti, aliyekuwa ameketi na koti lake la kanisani, simu mapajani. Mkewe, nyanya Kemunto, alikuwa kando yake.

"Babu, kosa ni langu. Niliona mguu wa nyanya unaharibu picha, nikauondoa. Sikuuliza bangili zikiwa peke yake zinasema nini."

Nyanya aliunyoosha mguu, chuma kikagongana. "Hii mguu imemtembelea huyu mzee miaka sitini na tatu. Ikaharibu picha yako?"

"Ndiyo, nyanya." Machozi yalimtoka waziwazi.

Bibi kizee alimwangalia, akaurudisha mguu chini. "Toa simu," akasema.

Duncan hakuwa amebadilisha nywila bado. Wakaenda laivu kwa ukurasa wa mradi, mguu wote ukionekana, nyufa na yote.

"Mimi ni Ogoti," mzee alisema. "Sijakufa. Nimesoma mambo mmeandika. Bosire, wewe wa Marekani, umesema mimi ni mtu mkarimu. Mbona hukuwahi kuniambia?"

Simu ilipozimwa, Jasper alikuja kusimama karibu naye.

"Ungeniuliza tu," alisema.

"Na wewe ungeniacha nimalize kuongea."

"Niliogopa, mpenzi. Nyanya akikukataa, mimi sina njia ingine."

Nyanya alikuwa amewasikia. Alichana uzi wa mgomba, akamwita Tryphosa, akauzungusha kwenye kifundo cha mguu wake na kufunga fundo pale ncha zilipokutana.

"Mguu wake ni mwembamba," alimwambia mjukuu wake. "Mhunzi wa ebitinge aambiwe mapema."

Tryphosa aliutazama uzi mguuni, kisha akamtazama Jasper.

"Basi wewe uishi sana," akamwambia.