Sehemu Isiyo na Jina

Enyi watu wa Kapata, tulieni. Mwenye kutafuna karanga atafune polepole, maana jambo hili ni zito.

Nyumbani kwa Mama Micheline kulikuwa na amani. Malori ya mgodi yalipita, vumbi jekundu likaingia, na kompyuta ilipumzika chini ya kitambaa cha krosheti ambacho mama aliifunika nacho mchana kutwa, hata ikiwa inafanya kazi, ili isile vumbi. Jumamosi ukoo ungevua nguo za kilio cha mumewe, marehemu Tata Kitenge, na mama alitamani kitu kimoja tu: kusikia tena wimbo wa mji wa Kisenge ambao marehemu aliurekodi katika kompyuta hiyo. Walikuwa wameutafuta bila kuupata.

Dady, mwanawe, yeye alitafuta nafasi ya mchezo wa mpira. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili: moja imejaa, nyingine haina jina. Kwa hekima yake kuu, ile iliyompatia sifuri ya hesabu, akaamua kuifuta ya pili na kuiunganisha na ya kwanza.

"Hakuna kitu mule," alitangaza.

"Uliangaria?" aliuliza Mignonne, dada yake mkubwa, akisonga ugali wa bukari.

"Yaya, mi najua bitu ya ordinatere. Haina jina, njo haina kitu."

"Hata mutoto mwenye habayamupa jina, iko mutoto. Toka pale, enjenyeri!"

Heshima kwa Mignonne! Alinawa mikono, akakaa. Alipoondoa kitambaa, mashine ilikuwa ya moto kama mbabula ya makaa. Hakufuta chochote. Kwanza aliuliza afya ya diski, na jibu likaja kwa rangi nyekundu: ni mgonjwa, inaweza kufa wakati wowote. Kisha dada akaifungua ile sehemu ili kutazama tu, bila kubadili kitu.

Tata Kitenge alikuwa humo, nyimbo zake zote.

"Mama, kuya!" aliita Mignonne, huku akizinakili haraka kwenye diski ya nje aliyowekea nyimbo za kwaya yake. Wimbo wa mwisho ulipokwisha kupita tu, mashine ikalia tk-tk-tk, ikanyamaza. Haikuamka tena.

"Yaya," Dady alinong'ona, "mi njo nilitaka kumuzika tata mara ya pili."

Jumamosi ua ulijaa watu. Diski ile ikachomekwa kwenye spika, sauti ya marehemu ikapanda, nzito na tamu, kisha katikati ya ubeti ikakatiza wimbo:

"Dady! Funga mulango, vumbi inaingia!"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Dady akainuka taratibu, akaenda kufunga mlango.

FUNZO

Usifute usichokitazama. Kabla ya kugawa diski au kuunganisha sehemu zake, uliza kwanza afya yake, fungua uone kilichomo, kisha unakili kilicho cha thamani mahali pengine. Isiyo na jina si lazima iwe tupu. Na nyinyi mama zetu watukufu, krosheti ni ya kufunikia mikate. Mashine nayo hupumua.