Usininyamazie

Lifti ya hospitali ilikwama kati ya ghorofa mbili, saa ile ndugu wanapokuja kuwaona wagonjwa wao. Watu walibanana bega kwa bega. Mpimaji wa ultrasaundi alikuwa amesukumwa kwenye kona, gauni lake la manjano limekunjamana, kikapu cha mtu kinamchoma mbavuni. Mama mmoja akaanza kulia. Hapo ikasikika sauti ya kiume kutoka juu, tulivu kama ya mtu aliyekaa barazani kwake.

"Jamani, habari za humo ndani?"

"Mbaya," mpimaji akajibu.

"Huyo anayesema mbaya anaitwa nani?"

"Anaitwa Fungua Mlango."

"Jina zuri. Basi Fungua Mlango, niongeleshe huku nazungusha hili gurudumu. Nikikaa kimya mtadhani nimekwenda kunywa chai."

Hakunyamaza mpaka mlango ulipoachia. Fundi huyo wa lifti alikuwa na ovaroli la buluu, grisi hadi kwenye viwiko, na mwanya uliofanya tabasamu lake lionekane la mtoto mtundu. Alimshika mpimaji mkono kumvuta juu, vidole vikaacha alama kwenye mkono wa gauni.

"Hilo doa ni langu," fundi akasema. "Nipe namba, nije kulifua."

Doa halikutoka. Namba ilitoka.

Walipozoeana fundi alimweleza sheria ya kazi yake. "Mtu aliyekwama ukimnyamazia, anaanza kujitungia habari. Na zote ni za kifo."

"Sisi kwetu ni kinyume," mpimaji akasema. "Ukiwa na kifaa juu ya tumbo la mtu, uso unakuwa ukuta. Anayesema ni daktari."

"Basi tukioana, nyumba itakuwa na redio moja na ukuta mmoja."

"Nani kakwambia tutaoana?"

"Ukuta haukukataa, mpenzi."

Mama yake fundi alikufa bado kijana, tumbo limejaa maji kwa ugonjwa wa ini. Fundi alilitaja hilo mara moja tu, akageuza mazungumzo.

Hospitali ilipoleta mashine mpya, ile inayotumika pamoja na dawa ya viputo inayochomwa mshipani, mpimaji alitaka kuuzoeza mkono wake. Jioni moja, wagonjwa walipokwisha, akamlaza fundi kitandani na kumpaka jeli ya baridi.

"Vuta pumzi. Shikilia. Achia."

"Unatafuta nini huko? Moyo ulishauchukua."

Akacheka. Kisha kicheko kikabaki usoni peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kwenye skrini, upande wa kulia wa ini palikuwa na doa la mviringo.

"Vaa shati," akasema.

"Kuna nini?"

"Mashine inafanya kazi vizuri."

Alimweleza daktari, daktari akaagiza kipimo cha viputo. Mpimaji akajiambia kwamba fundi ataambiwa kwa utaratibu, na mwenye kustahili kumwambia. Simu ikaita, ni fundi, naye akaitazama mpaka ikachoka. Aliiogopa sauti yake mwenyewe. "Nina kazi, nitakupigia," akaandika. Hakupiga.

Hatimaye fundi akapiga kwa namba ya jirani.

"Karani wa mapokezi kanipigia," akasema. "Ananiuliza kama kuna dawa inayonidhuru, maana napimwa ini. Mwanamke nisiyemjua, anaongea huku anatafuna. Hivyo ndivyo nilivyojua."

"Fundi wangu..."

"Mimi nilidhani umenichoka. Nimekaa nanusa grisi ya mikono yangu mwenyewe. Nikaenda kununua sabuni ya manukato."

"Niliogopa ungesikia sauti yangu."

"Mimi ndiye niliyekwama, wewe ndiye uliye nje. Na ukaninyamazia."

Akakata.

Siku ya kipimo fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi, mikono inanukia ile sabuni. Hakumwangalia mpimaji. Muuguzi akatafuta mshipa mkononi. Daktari akasimama nyuma ya mpimaji, mashine inavuma.

"Daktari," mpimaji akasema, "naomba nimweleze mimi."

Daktari alimtazama, akamtazama na aliyelala. "Unataka hivyo, fundi?"

"Nataka."

Dawa ikaingia.

"Hivi ni viputo vidogo mno, vinakwenda na damu," mpimaji akaanza, sauti inatetemeka. "Vikifika, ini litang'aa. Doa lisilo na ubaya mara nyingi hubaki linang'aa pamoja na ini."

"Na lenye ubaya?"

"Hung'aa haraka, kisha hufifia wakati ini bado lina mwanga."

"Sasa hivi likoje?"

"Limeng'aa. Limewahi kuliko ini."

Wakangoja, kifaa kimetulia mbavuni. Ini zima liling'aa kama uwanja wenye taa. Katikati yake, polepole, doa likaanza kugeuka kivuli.

"Umenyamaza," fundi akasema.

"Linafifia, mpenzi wangu." Machozi yalimdondoka juu ya jeli. "Linafifia, na mimi nipo."

Daktari akamwekea fundi mkono begani. "Ni moja, na bado ni dogo. Tutazungumza na wapasuaji. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Daktari alipotoka na muuguzi, mpimaji akaanza kumfuta jeli.

"Ile habari ya redio na ukuta," akasema. "Nakujibu. Nioe."

"Unanihurumia."

"Sikuhurumii. Naogopa. Lakini ukuta nimeuacha. Nioe."

Fundi akaushika mkono wake, jeli na yote.

"Fungua Mlango," akasema taratibu.

"Abee."

"Mlango usipofunguka je?"

"Nitakuwa hapo nje, naongea."

"Basi ongea."

Mpimaji akamwambia habari za gauni la manjano, kwamba doa halikutoka, na kwamba siku ya harusi atalivaa hilohilo, wanaocheka wacheke. Akamwambia habari za chumba watakachopanga, na pazia la kununua. Aliongea mpaka maneno yakamwishia, akayaanza upya, na fundi akafumba macho akisikiliza, kama mtu aliyekwama anayezisikia kamba za lifti zikivutwa.