Bwana Ndiyo na Drili Iliyopotea

Kila alipotoka shule, binti alipitia karakana ya seremala kumchukua kaka yake. Kaka alikuwa mkubwa kwake, lakini tangu kuzaliwa alijifunza mambo polepole. Pale alifagia maranda, na aliifagia sakafu mpaka ikaona haya kuchafuka. Mtaani walimwita Bwana Ndiyo.

Siku hiyo hakumkuta.

"Drili yangu ya kutobolea mbao haionekani," seremala alisema, macho makali. "Nimemuuliza kaka yako, amekiri. Yuko polisi."

Binti alitimua mbio. Muuza duka alipomwona akaivuta mizani yake ndani. Kumbe wizi unaambukiza kama mafua!

Kituoni, kaka alikuwa amejikunyata kwenye benchi, mfuko wa suruali umetuna. Hata binti aliingiwa na wasiwasi: je, kama ni kweli? Akaupapasa. Maranda matupu.

"Uliiba drili?" askari aliuliza tena.

"Ndiyo."

"Ukaiuza?"

"Ndiyo."

"Umesikia mwenyewe, binti. Kesho anapelekwa mahabusu ya watoto."

"Shikamoo afande. Hebu muulize kama ameiba na kituo hiki."

Askari alimtazama kwa shaka, kisha akauliza.

"Ndiyo," kaka akajibu, macho sakafuni.

Afisa ustawi wa jamii, mama anayewasimamia watoto wanaokamatwa, alikuwa amesimama mlangoni. "Akisema ndiyo, watu huacha kumfokea," alisema. Akachuchumaa mbele ya kaka. "Mwanangu, twende ukanionyeshe kazi uliyofanya leo."

Karakanani, seremala aliwapokea amekunja mikono, hana imani hata chembe. Kaka akachukua ufagio, akafagia mpaka kwenye meza inapowekwa drili. Akatazama juu. Maji yalikuwa bado yakidondokea meza hiyo kutoka kwenye paa. Akainama, akatoa chini ya kabati drili iliyoviringishwa kwenye gunia kavu.

"Mvua," akasema.

Seremala alikunjua mikono. "Mwanangu, utanisamehe?"

"Ndiyo."

"Fundi, hiyo 'ndiyo' usiishangilie bado!" binti akacheka.

Mama wa ustawi hakucheka. "Kuchelewa kuelewa si kosa," alisema. "Mtoto kama huyu akishukiwa, akae na mtu anayemjua, aulizwe taratibu, kwa njia anayoiweza. Tukimtisha, atatupa jibu tunalolitaka, nasi tutamfunga asiye na hatia."

Seremala alipunguza sauti. "Kesho utakuja kazini, au utapumzika nyumbani?"

Kaka alifikiri, akafikiri.

"Kazini," akasema. "Paa linavuja."