Mwenye Majembe Mawili

Gladwell alimwita bintiye alete kuni, na sauti ikajibu kutoka sebuleni: "Niko hapa." Akangoja. Kuni hazikuja. Alipochungulia nje ya jikoni alimwona Kiende ndio kwanza anapanda kilima kutoka mtoni, mtungi wa maji mgongoni. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Kiende alikuwa amerudi kijijini kwao Githongo majuzi tu kutoka Misri, alikofanya kazi za nyumbani kwa ajuza mmoja wa Kairo. Ajuza huyo alipohisi kifo kimekaribia, alimpa kisanamu cha buluu, urefu wake kama gunzi la mahindi: mtu aliyevishwa sanda, mikono imepishana kifuani, kila mkono umeshika jembe. Baba wa ajuza alikuwa kibarua wa waliofukua makaburi ya wafalme, na kisanamu hicho kilitoka humo. Wafalme wa zamani, alieleza, walizikwa na watumishi kama huyu, ili wakiitwa kulima huko kuzimu, mtumishi aitike kwa niaba yao. Kiende alikipenda. Akakiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo.

Kulipokucha, siku iliyofuata sauti ile, kahawa ya chini ya nyumba ilikuwa imepaliliwa. Gladwell alidhani ni Kiende, naye Kiende akadhani mamake ameajiri mtu. Udongo mwekundu ulikuwa umelowa, lakini hapakuwa na nyayo. Palikuwa na mchanga mweupe, mkavu, uliomwagika kati ya mistari, na harufu ya ubani na ya nguo zilizofungiwa sandukuni miaka mingi.

Mwanzoni Gladwell alifurahi, maana magoti yalimsumbua. Akisema maharagwe yamezidiwa na magugu, kufikia mchana yamelimwa. Kisha akaanza kuacha githeri, mahindi na maharagwe yake, kwenye sahani. Halafu akaacha na chai. Alisema hana njaa, hasikii baridi, haumwi popote. Kiende alimshika mkono akaukuta baridi kama jiwe la mtoni.

Alasiri moja Kiende alirudi kutoka kiwandani kupeleka kahawa, akamkuta mamake kitandani amenyooka, mikono imepishana kifuani, macho wazi na mchanga kwenye kope, na huko nje, jua likiwaka, jembe lilikuwa likipiga ardhi bila mtu wa kulishika, pu, pu, pu, na kila lilipotua pumzi ya mamake ilitoka ikakawia kurudi, ikakawia zaidi, mpaka Kiende akajikuta anahesabu kimya kile kwa moyo wake mwenyewe, akiogopa kwamba safari hii haitarudi.

Alikimbia kumwita Shosho Phyllis, bibi kizee na mama wa maombi aliyejulikana hadi Kiirua kwa kufukuza majini. Shosho alipiga magoti, akaomba kwa muda mrefu, kisha akamwita mgonjwa kwa jina lake.

"Gladwell. Amka."

"Niko hapa," sauti ikajibu kutoka sebuleni, nyembamba, kavu. Midomo ya Gladwell haikutikisika.

Shosho akaomba aonyeshwe kilichojibu, na Kiende akamletea kisanamu kikiwa kimefungwa kwenye leso.

"Tukitupe mtoni?" Kiende alinong'ona.

"Mto utakipeleka kwa mwingine. Hiki kilitengenezewa maiti, mwanangu. Hakijui kumtumikia aliye hai, ndio maana kinamtayarisha mamako awe maiti."

"Sasa tufanye nini?"

"Tukitafutie maiti."

Mzee Kobia, jirani yao, alikuwa azikwe kesho yake shambani kwake. Kiende alitaka wakifiche kwenye jeneza bila mtu kujua, lakini Shosho alikataa katakata. Walimwendea mjane, Felicitas, aliyeitwa Mama Muthomi kwa jina la mwanawe, wakamweleza yote nyuma ya jikoni. Aliuliza kama kitu hicho kitamdhuru mumewe. Shosho alikiri hajui. Felicitas akamgeukia Kiende.

"Mamako ndiye alikesha na mimi hospitalini nikimzaa Muthomi," alimwambia Kiende. "Leta."

Akakiingiza kwa mkono wake mwenyewe, karibu na miguu ya marehemu.

Kiende aliporudi kutoka mazishini alimkuta mamake ameketi kitandani, anauliza nani ameijaza nyumba mchanga, na uji uko wapi. Alikunywa vikombe viwili. Magugu yakarudi kwenye kahawa, na Gladwell akayang'oa mwenyewe akilalamikia magoti, na Kiende akamwacha alalamike.

Lakini kaburi la Kobia halikuota hata jani. Mvua ilinyesha, shamba lote likafunikwa na majani, pale pakabaki udongo mtupu uliolimwa. Watu walimsifu Felicitas kwa kumtunza mumewe hata kaburini. Yeye aliitikia asante, na hakuwaambia kwamba hajakanyaga huko tangu mazishi, wala kwamba amehamisha kitanda chake upande wa pili wa nyumba.

Muthomi alipokuja likizo kutoka Nairobi, mamake alimwambia kwamba siku yake ikifika asizikwe kando ya babake. Azikwe juu, karibu na barabara. Muthomi alishangaa. Hiyo ingekuwa aibu kwa ukoo, alisema.

"Nenda uangalie," Felicitas akasema kwa sauti ya chini.

Muthomi alishuka. Kando ya kaburi la babake, upande wa mke, majani yalikuwa yameondolewa na udongo umelimwa asubuhi hiyo hiyo, urefu wa mtu mmoja.